Mahali Anapokaa Mume

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Leo nimekwenda barazani. Nimepiga pasi shati mwenyewe. Kola imeungua. Nimelivaa hivyo hivyo.

Habari yenyewe ni hii. Getruda, Mama Precious, mke wangu wa miaka ishirini na miwili, alikwenda mahakama ya mwanzo mwezi uliopita kuomba talaka. Hakuniambia. Hakimu akamrudisha. Talaka haianzii mahakamani, akamwambia, inaanzia baraza la usuluhishi, tena la kata anakokaa mume. Ndipo nikaletewa barua ya wito. Kurasa mbili. Ya kwanza ina jina langu na neno talaka. Ikanitosha. Ya pili sikuisoma. Ipo chini ya mkebe wa rangi nyekundu.

Mwenyekiti akauliza jina. Pius. Kazi? Naandika majina ubavuni mwa mitumbwi, na mabango ya maduka. Kwenu ni wapi? Nansio, nikajibu.

Sasa kosa langu liko wapi? Kwetu si Nansio? Babu amezikwa kule, baba amezikwa kule, na tangu Januari mama naye amelala pembeni ya baba. Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, hutaji chumba na sebule cha Igogo, Mwanza!

Katibu akaandika. Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akasema kama mume anakaa Nansio, basi wao hawana mamlaka, shauri linakwenda Ukerewe. Akaniambia nilete uthibitisho wa makazi Jumatatu ijayo.

Nilitaka kusema hapana, mzee, nakaa hapa hapa, mlango wa kijani nyuma ya mashine ya kusaga. Lakini nikamtazama Getruda. Alikuwa amekasirika mpaka amependeza. Nikanyamaza.

Nyumbani amenitengea ugali na sato. Amesema "chakula hicho". Maneno mawili. Tangu Juni sijapata zaidi ya mawili kwa siku.

Jumanne, 6 Agosti

Nimewaza siku nzima nikiwa kazini. Mtumbwi ulitakiwa kuitwa SUBIRA. Nimeandika SUBILA. Mwenye mtumbwi akausoma kwa sauti, akafurahi, akaondoka. Kwao Misungwi ndivyo wanavyotamka. Sikumsahihisha.

Nilichokuwa nawaza ni meli.

Mwaka wa 2002 nilipanda meli ya Nansio kumpelekea mama mkate wa mjini. Akaja msichana wa Usagara mwenye ndoo ya sabuni za kuuza, akakaa pembeni yangu, akalala. Hatujasalimiana hata! Kichwa chake kikaja begani kwangu, mdomo wazi kidogo. Saa tatu na nusu. Nilibanwa na haja ndogo tangu tulipotoka bandarini, na sikusogea. Tulipofika Nansio akaamka, akanigombeza. Mbona hukuniamsha, na shati lako nimelilowesha? Mama alikuwa bandarini anatusubiri, yaani ananisubiri mimi. Akamtazama Getruda, akanitazama mimi, akakata mkate vipande vitatu.

Basi hesabu yangu ni rahisi. Saa tatu na nusu kwenda, saa tatu na nusu kurudi. Baraza halimalizi shauri kwa siku moja. Tuseme vikao vitatu. Hizo ni saa ishirini na moja kando ya Getruda, na hana pa kwenda, maji pande zote!

Talaka ya Igogo ni dakika kumi kwa miguu. Talaka ya Nansio ina ziwa katikati.

Nimeamua. Nakaa Nansio.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda kwa mjumbe wetu, Mzee Chenge, mwenye daftari la wakazi. Shikamoo, marahaba, kiti, maji. Nikamweleza kwa adabu kwamba naomba barua ya kuthibitisha kuwa sikai hapa.

Mzee Chenge akavua miwani. Akaniuliza ni nani aliyeandika namba ya nyumba kwenye lango lake. Mimi. Ni nani aliyegawa vinywaji harusi ya binti yake? Mimi. Ni nani aliyepiga kelele jana saa kumi na mbili asubuhi kwamba mbuzi wa Mzee Chenge amekula brashi yake? Nikakiri. Akamwita mkewe aje asikilize. Njoo uone mtu aliyekaa mbele yangu anayeniomba niandike kwamba hayupo!

Nikasema ni utaratibu tu wa kisheria. Hapo nilikosea. Mzee Chenge anapenda sana utaratibu. Akachukua daftari, akachukua rula, akanikata. Mstari mmoja mnyoofu, wino mwekundu. Halafu akaandika barua. Inasema Pius si mkazi wa mtaa huu, amehama, na "mtaa haukupungukiwa kitu".

Sentensi ya mwisho sikuiomba. Lakini muhuri uko vizuri.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimevuka kwenda Nansio kutafuta barua ya upande wa pili. Nimefika ofisini, pamefungwa. Nane Nane! Nchi nzima inajua leo ni sikukuu ya wakulima isipokuwa mimi.

Nimekwenda nyumbani kwa mama. Nimefungua madirisha. Nyumba isipofunguliwa hunuka panya. Kigoda chake kipo pale pale karibu na mlango wa jikoni. Kopo la siagi lenye vifungo lipo kabatini. Mama hakutupa kifungo. Shati likichakaa anakata vifungo, anavitia koponi, halafu shati linakuwa tambara. Nikiwa mdogo nilikuwa nalitikisa, ananiambia acha kuamsha mashati ya watu.

Nimelitikisa kidogo. Nimekaa kidogo.

Halafu nikakumbuka kazi. Nikachukua rangi nyeusi, nikaandika mlangoni, herufi za mtindo ninaowaandikia wenye maduka: HAPA ANAKAA PIUS. Nikaweka kivuli cha herufi kwa rangi ya bluu. Kazi nzuri sana.

Jirani, Bibi Anyango, akaja kusoma. Alikuwa rafiki wa mama miaka arobaini. Akauliza nimeandika hivyo ili nisisahau? Nikamwambia ni kwa ajili ya serikali. Akasema serikali gani isiyonijua, mbona hata mbwa wa hapa hawabweki nikija. Nikafurahi. Nikamwomba kesho awe shahidi. Akakubali upesi. Upesi mno.

Ijumaa, 9 Agosti

Bwana wa ofisini amekuja kuhakiki. Kijana nadhifu, shati jeupe. Akasoma maandishi, akasema vizuri, akaegemea mlango. Rangi ilikuwa haijakauka. Sasa mgongoni ana ANAKAA, imegeuka nyuma mbele. Sikumwambia. Nilikuwa nahitaji sahihi.

Akamuuliza Bibi Anyango kama ni kweli huyu anakaa hapa. Bibi Anyango akajibu kwa ukweli wote alionao. Ndiyo, mwanangu, anakaa sana. Anakuja Ijumaa, anaondoka Jumatatu, tangu tumzike mama yake. Halimi, hapiki. Anakaa tu juu ya kile kigoda. Analia polepole akidhani sisikii, halafu anakuja kwangu macho mekundu anaomba machungwa. Mke wake simwoni. Nilimuuliza siku moja mkeo yuko wapi, akasema yuko mjini, hataki kumsumbua.

Nikasema inatosha, Bibi. Akasema bado hajamaliza habari za machungwa.

Nimepata barua! Imeandikwa "anakaa hapa kitongojini na anafahamika kwa majirani". Kijana akaondoka na mgongo wake. Watoto wakamfuata wakijaribu kumsoma.

Jumatatu, 12 Agosti

Ushindi. Barua mbili mezani, mihuri miwili. Mwenyekiti wa Igogo akasoma, akasema basi hapa hapahusiki, akafunga jalada letu kwa uzi kulipeleka Ukerewe. Getruda akaombwa aseme kama anapinga.

Amesimama. Nilidhani atapinga kwa nguvu, ana sauti akitaka. Akasema hapingi. Akasema afadhali mume wake amelisema mwenyewe kwa maandishi. Akanigeukia, akasema asante kwa kusema kweli.

Maneno manne kwa mkupuo! Mpango umeanza kufanya kazi kabla hata ya kupanda meli.

Kikao Nansio, Jumatano. Nimepiga pasi shati lile lile. Kola nyingine imeungua, sasa zinalingana.

Jumatano, 14 Agosti

Nilinunua karanga. Nilifika bandarini mapema, nikashika viti viwili upande ambao jua halipigi. Niliweka kofia yangu juu ya kimoja.

Getruda akaja. Nyuma yake, Obedi.

Obedi ni kaka yake, wa Usagara. Mwili mkubwa, suti ya vikao vya ukoo. Akasema shemeji habari za asubuhi, akainua kofia yangu, akanipa, akakaa. Getruda akakaa upande wake wa pili. Obedi yuko katikati kama kabati! Akasema hawezi kumwachia dada yake avuke maji peke yake na mtu anayesumbua watu kwa makaratasi. Alitaka shauri lisikilizwe Usagara, akasema, ambako watu wana akili na ardhi haitingishiki.

Agosti ziwa lina upepo. Hata hatujavipita vile visiwa vidogo, Obedi akaacha kuongea. Nikajua. Nimekulia kwenye maji haya, namjua mtu anayenyamaza hivyo. Akaomba mfuko. Hapakuwa na mfuko. Nikampa kofia yangu.

Kofia ile nilipewa na mama. Ziwa lina kofia nzuri leo.

Barazani Nansio katibu ni Mama Tereza, mwanamke mnene, mpole, anayesoma kila kitu mpaka nukta. Akasoma barua yangu. Akauliza kama kweli nakaa hapa Nansio. Nikasema naam, kabisa, hata mlango umeandikwa. Akauliza tangu lini. Tangu Januari, nikasema, kwa sauti. Akaandika. Halafu akafungua wito, ukurasa wa pili, akasoma malalamiko ya mke.

"Mume wangu hakai nyumbani. Tangu mama yake afariki anakaa Nansio."

Basi. Mstari mmoja tu. Na Getruda akatoa daftari la shule. Ndani ameandika tarehe za kila usiku niliolala huku. Sitini na moja. Mama Tereza akalinganisha daftari na barua yangu, akamuuliza Getruda kama ana shahidi. Getruda akasema shahidi wake ni mume wake.

Wajumbe wawili wakaguna. Mmoja akasema katika miaka yake yote barazani hajaona mdaiwa aliyefanya kazi kubwa hivi kwa niaba ya mdai. Obedi, aliyekuwa amelala chali kwenye benchi, akanyanyua kidole kuunga mkono.

Nikasimama. Nikasema kwa kweli sikai Nansio. Nakaa Igogo. Mama Tereza akanishikia barua ya Mzee Chenge mbele ya macho. Akasoma mpaka "mtaa haukupungukiwa kitu".

Nimepewa wiki moja nilete uthibitisho kwamba ninakaa kule nilikothibitisha kwamba sikai. La sivyo wataandika hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na Getruda anarudi nayo mahakamani.

Kurudi, Getruda alikaa mbele na akina mama wa dagaa. Mimi nilikaa na Obedi. Alinishika mkono safari nzima.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimesoma ukurasa wa pili mwenyewe. Rangi nyekundu imemwagikia pembeni lakini maneno yanasomeka. Ni mstari ule ule. Nimeusoma mara nyingi.

Mimi nilidhani nakwenda kule kufungua madirisha.

Mtoto wetu, Precious, amepiga simu kutoka Dodoma, chuoni. Ameshaambiwa yote. Kaniuliza baba, kwa nini usimwambie tu mama kwamba hutaki aondoke? Nimewaza jambo hilo kwa makini. Ni rahisi mno. Litakuwa na kasoro mahali.

Ijumaa, 16 Agosti

Ni Ijumaa na sijapanda meli. Naandika hili hapa kama ushahidi.

Nimekwenda kwa Mzee Chenge. Nikaomba barua kwamba nakaa hapa. Akafurahi sana. Nadhani alikuwa anaisubiri siku hii. Akasema karibu mtaani, mgeni. Akasema mgeni anayehamia anatakiwa kuleta barua ya utambulisho kutoka alikotoka. Nikasema Mzee, sikutoka popote! Nilikuwa hapa, wewe umenisalimu leo asubuhi. Akasema anasalimia hata wapita njia.

Nikamwambia basi anifute ule mstari mwekundu. Akaonyesha daftari. Wino wa aina hiyo haufutiki, amenunua makusudi.

Nikaona nimlainishe. Nikamwandikia bango la lango, OFISI YA MJUMBE, na chini MZEE CHENGE, herufi za dhahabu. Saa nne za kazi. Akasimama mbele yake, akakunja mikono, akatikisa kichwa kwa raha. Akaniambia nina mkono wa ajabu, na kwamba kama ningekuwa mkazi angenisaidia.

Mbuzi wake amekula brashi ya pili.

Jumapili, 18 Agosti

Nimejaribu ushahidi wa aina nyingine. Baada ya ibada nimewaomba majirani kumi watie sahihi karatasi kwamba wananiona hapa. Wanane wakatia. Wa tisa akauliza ni ya mchango gani. Wa kumi akasoma juu, akasoma chini, akawaambia wenzake wasitie sahihi karatasi za talaka ya watu siku ya Bwana. Wanane wakaja kufuta majina yao.

Jioni nimekaa mlangoni. Getruda alikuwa anashona sare za shule, cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda. Nilitaka kumwambia jambo. Nikamwambia taa ya cherehani inatakiwa kubadilishwa. Akasema najua.

Jumatano, 21 Agosti

Naandika haya kigodani kwa mama, na siko peke yangu. Niandike kwa mpangilio.

Obedi hakuja. Ametuma ujumbe kwamba anatuombea akiwa nchi kavu. Meli ilijaa. Sikushika kiti, sikununua karanga, sikupanga lolote, nilikuwa nimeshindwa tayari. Kiti kikabaki kimoja, karibu yangu. Getruda akakaa. Akatazama maji. Alikuwa ameshona mpaka alfajiri, sare za shule zinatakiwa. Tulipofika usawa wa visiwa vidogo kichwa chake kikaanza kushuka, kikapanda, kikashuka.

Kikatua begani.

Sikupumua vizuri. Upepo ulikuwa unapiga kitambaa chake usoni kwangu. Ana mvi mbili juu ya sikio, sikuwa nazijua. Na nilibanwa, Mungu shahidi, nilibanwa kuliko 2002, maana sasa nina miaka hamsini. Sikusogea.

Tulipofika Nansio akaamka, akafuta mdomo, akatazama shati langu. Akasema mbona hukuniamsha?

Nikasema nilibanwa sana. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akanitazama. Mdomo ukamcheza. Akashuka mbele yangu.

Barazani sikuwa na karatasi hata moja. Mama Tereza akauliza kwa upole. Igogo wameandika hakai Igogo. Yeye mwenyewe sasa anasema hakai Nansio. Basi mume huyu anakaa wapi? Mjumbe mmoja, mzee mvuvi, akasema huyu ni gugu maji, upepo ukivuma huku yuko huku, ukivuma kule yuko kule, na mizizi inaning'inia tu. Wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka. Mama Tereza akachukua fomu, akasema itabidi aandike kwamba mume hana makazi yanayojulikana.

Getruda akasimama.

Akasema, ngoja kwanza mama, usiandike hivyo. Huyu si mzururaji. Anakaa kwangu. Akasema sahani yake iko pale, ndala zake ziko mlangoni, rangi zake zimeharibu sakafu yangu nzima, na kola za shati hilo ameziunguza kwa pasi yangu. Gugu maji ni wewe, akamwambia yule mzee, samahani, shikamoo.

Mzee akasema marahaba.

Mama Tereza akauliza kama mume anakaa kwa mke, basi malalamiko ni nini. Getruda akakaa. Akafungua daftari lake, akalifunga. Ndipo akasema, si kwa baraza, kwangu.

"Baba Precious, mama yako mimi ndiye niliyemwogesha miezi mitatu. Mimi ndiye niliyemkata kucha. Alikuwa ananiita mwanangu. Tumemzika, umekuja huku kumlilia peke yako, umefunga mlango. Mimi nikamlilie wapi?"

Mama Tereza akaisukuma fomu pembeni.

Nilikuwa nimetafuta mihuri ya vitongoji na mitaa, na hili swali hakuna ofisi iliyoniuliza. Nilisimama. Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa inaanza na "waheshimiwa wajumbe". Ikatoka sentensi moja tu, nikasema njoo twende.

Mama Tereza akasema baraza linapumzika mpaka wahusika watakaporudi, akatoa chai yake kwenye chupa.

Getruda akasoma mlangoni HAPA ANAKAA PIUS, na doa kubwa pale katikati ambapo kijana aliegemea. Akauliza hilo nalo ni nini. Nikasema ni kwa ajili ya serikali. Akaingia. Akaenda moja kwa moja kabatini, akachukua kopo la vifungo, akaketi mkekani. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayelijua kopo lile. Akalitikisa. Akasema acha kuamsha mashati ya watu, kwa sauti ya mama kabisa, na ule mkazo wake wa Kikerewe. Halafu akalia. Mimi pia. Kwa sauti. Bibi Anyango akaja na machungwa kabla hatujaomba, akakaa naye akaanza. Tulikuwa watatu. Ilikuwa vizuri sana.

Sasa amelala mkekani, kanga ya mama juu yake. Huko nje jua bado lipo. Meli ya mchana imeshaondoka bila sisi.

Alhamisi, 22 Agosti

Asubuhi tumepita barazani. Getruda ameondoa malalamiko. Mama Tereza ametupa fomu ya suluhu twende nayo nyumbani, tuisome vizuri, tuijaze, tuirudishe. Ameshauri makaburini tuwe tunakwenda pamoja, mara moja kwa mwezi. Yule mzee mvuvi amempa Getruda sato mkubwa. Amesema ni faini ya gugu maji.

Tumerudi na kopo la vifungo na kigoda. Kigoda nilikipakata mimi. Getruda ameongea toka Nansio mpaka bandarini. Nimeshindwa kuhesabu maneno.

Jumatatu, 26 Agosti

Getruda amekwenda mwenyewe kwa Mzee Chenge. Sijui walisemezana nini, nilisikia tu mbuzi akilia. Amerudi na daftari la wakazi, limefunguliwa mstari mpya. Nimesoma jina langu. Mzee Chenge ameandika: "Pius, wa kwa Getruda." Nimeridhika nalo. Nafikiri nitaliandika mahali.

Kigoda kipo karibu na cherehani. Jana jioni Getruda alikikalia akimenya mihogo, akasimama ghafla, akalia kidogo, akaendelea kumenya. Nikaenda nikakaa sakafuni. Hakuna aliyefunga mlango.

Amenishonea kifungo cha mama kwenye shati lenye kola zilizoungua. Shati jeupe, kifungo cha kijani. Mashabiki wa mpira wameniuliza nimehamia timu gani.

Ijumaa, 30 Agosti

Siku njema. Samaki mchana, na Precious amepiga simu akicheka na mama yake nusu saa.

Fomu ya suluhu iko mezani. Getruda ameshatia sahihi. Kesho anaipeleka posta, shauri linafungwa.

Linafungwa! Nilikuwa sijalifikiria hilo. Kwa mwezi mara moja tutakwenda makaburini, sawa. Lakini hiyo ni saa saba tu kwa mwezi, na zikigawanywa na usingizi, na akina mama wa dagaa, na viti vikijaa, nabaki na nini?

Getruda mwenyewe amesema wakati wa kula kwamba nikitaka kupanda naye meli nimwambie tu, atafunga cherehani twende. Maneno kumi na zaidi. Nimemshukuru. Nimeyafikiria kwa makini. Ni rahisi mno.

Nikakumbuka meli ya Bukoba. Ile haiendi saa tatu na nusu. Inaondoka Mwanza jioni, inafika asubuhi! Na mama alikuwa na binamu yake Bukoba, Jonathan, mzee wa kahawa, ana chumba cha uani. Mtu akiwa na chumba, na barua ya mjumbe, na mlango ulioandikwa vizuri, mamlaka ya baraza yanahama. Nimempigia Mama Tereza simu kumuuliza, kwa mfano tu, kama watu waliosuluhishwa wanaweza kusuluhishwa tena mahali pengine. Amekata simu. Nadhani mtandao.

Katika fomu kuna nafasi moja iliyobaki. Mahali anapokaa mume. Getruda amenipa kalamu ya wino, ameingia jikoni.

Nimeandika Igogo. Kwa penseli.